FBP ya mgonjwa wa tumbo isomwe mpaka mstari wa chini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, na kama barua ni ndefu naomba univumilie mana nimeshaipunguza mara mbili. Mi ni mtu wa maabara, mwaka wa 19 huu nafanya kazi hospitali ya wilaya huku Kanda ya Ziwa, na hili ninaloandika, la FBP (kipimo cha kuhesabu chembe za damu) ya mgonjwa wa kidole tumbo, linanihusu kazini na linanihusu nyumbani pia.

Mtoto wa dada yangu, kijana wa kidato cha pili, Alhamisi moja alirudi kutoka shule akasema tumbo linamuuma hapa kwenye kitovu. Chakula hakutaka. Mama yake akajua ni maandazi ya shule, akampa Panadol na maji ya moto, usiku akatapika mara mbili. Kulivyokucha maumivu yameshahamia chini upande wa kulia, anatembea ameinama, wakapanda bodaboda kwenda kituo cha afya na kila wakipita kwenye shimo mtoto anapiga kelele. Kule wakampima malaria, hamna. Mkojo ukaonekana una chembe nyeupe kidogo, wakasema ni UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Wakatoa na damu ya FBP, majibu yakaja, mtu aliyekuwa zamu akaangalia mstari wa kwanza, chembe nyeupe 9.6 (hizo ni elfu), akasema damu iko sawa, wakapewa antibayotiki ya sipro na dawa ya maumivu wakarudi nyumbani.

Jumamosi mchana maumivu yakakata ghafla. Mtoto akakaa, akaomba uji. Dada akanipigia simu anashukuru Mungu, "kaka mtoto kapona", na mi nikashukuru naye. Jumapili alfajiri tumbo lote gumu kama ubao, homa 39, mapigo ya moyo yanakimbia, midomo imekauka. Mpaka wafike hospitali ya rufaa, waongezewe maji, wapate nafasi ya chumba cha upasuaji, jioni imeingia. Walivyomfungua kidole tumbo kilishatoboka na usaha umepanda mpaka chini ya ini. Wakaosha tumbo, wakamwekea mpira wa kutolea uchafu, akakaa wodini siku 13, na kidonda nacho kikafumuka kikabidi kisafishwe upya.

Wakati yuko ndani mi nilikuwa nje kwenye benchi na bahasha ya makaratasi yake. Nikaichomoa ile FBP ya Ijumaa. Chembe nyeupe zote 9.6, kweli iko ndani ya mipaka ya mashine, haina alama yoyote. Ila shuka mistari michache chini yake: nyutrofili, kundi moja la chembe nyeupe, asilimia 84, ina H pembeni, yaani iko juu. Limfosaiti, kundi lingine la chembe nyeupe, asilimia 8, ina L pembeni, yaani iko chini. 84 gawa kwa 8 unapata 10.5. Nilikaa na hiyo kumi na nusu pale kwenye benchi mpaka wakamtoa.

Sasa kwa wasomaji ambao sio watu wa hospitali nieleze kwanini hiyo namba iliniumiza. Ukipata maambukizi makali au nyama ya mwili ikianza kufa, mifupa inamwaga askari wa mstari wa mbele, hao ndo nyutrofili, wanapanda. Alafu homoni za msongo zinazotoka kwenye tezi za juu ya figo zinafanya limfosaiti zishuke kwenye damu inayozunguka. Kimoja kinapanda kingine kinashuka, kwa hiyo ukigawanya kile kwa hiki unapata namba inayoonyesha mwili umewaka kiasi gani, kuliko ungeangalia jumla peke yake ambayo inaweza ikakaa pale pale. Wenzetu wameshaipima sana hiyo namba kwa wagonjwa wa kidole tumbo. Kuna uchambuzi ulichapishwa 2020, ulikusanya tafiti 17 zenye wagonjwa zaidi ya 8,000, ukasema uwiano ukivuka 4.7 inaelekea ni kidole tumbo, na ukivuka 8.8 inaelekea kimeshaharibika, yaani kimeoza au kimetoboka au kimetengeneza jipu. Mjomba mtu nimekaa na karatasi yenye 10.5 mkononi, ya tangu Ijumaa.

Siwezi kusema Ijumaa ile kilikuwa kimeshatoboka. Pengine bado, pengine kilikuwa kinaanza kuoza tu, na lile nafuu la Jumamosi ndo lilikuwa kutoboka kwenyewe, mana kidole kilichovimba kikipasuka ile presha ya ndani inaisha na mtu anapata nafuu ya masaa machache kabla usaha haujasambaa. Hilo wazazi naomba mlishike sana, nafuu ya ghafla baada ya maumivu makali ya upande wa kulia chini, mkimbizeni mtoto, msimpe uji. Na mkojo wenye chembe nyeupe kidogo haumaanishi ni UTI lazima, kidole tumbo kikivimba karibu na kibofu au na mrija wa mkojo kinaweza kuleta hizo chembe.

Mambo ya kidole tumbo huku kwetu tumezoea kuyauliza hivi: anacho au hana? Hilo swali ni la muhimu lakini linaishia njiani. Mtu wa wilayani anatakiwa aulize na la pili, kimefika wapi? Mana kidole kilichovimba tu bila kuharibika kinaweza kusubiri mpaka asubuhi daktari wa upasuaji aamke, na huko Finland kuna utafiti mkubwa uliotoka 2015 ambao waliwatibu watu wa namna hiyo kwa antibayotiki bila kisu, wengi wao wakavuka mwaka bila operesheni, japo ndani ya miaka mitano karibu wanne katika kumi kilikuwa kimerudi. Hao walichaguliwa kwa siti skani kwanza, wenye dalili za kuharibika wakawekwa pembeni. Kilichoharibika hakina hiyo nafasi. Huyo anatakiwa dripu sasa hivi, antibayotiki ya mshipa sasa hivi, damu iandaliwe, ambulensi itoke hata kama ni moja na kuna mwingine anaisubiri. Sisi siti skani hatuna, na utrasaundi ipo ila mtaalamu wake anakuja Jumanne na Alhamisi. Damu tunatoa kila siku. Tunatoa, tunachapa karatasi, inasomwa mstari mmoja.

Na huo mstari mmoja wenyewe unatudanganya sisi Waafrika zaidi ya wengine, hapa ndo naomba madaktari wanisome vizuri. Mipaka mingi ya mashine, chembe nyeupe 4 mpaka 11, imetokana na damu za Wazungu. Wengi wetu huku hatuna ile alama inaitwa Duffy juu ya chembe nyekundu, ndo hiyo hiyo inayofanya malaria ya vivax isitupate kirahisi, na mtu asiye nayo nyutrofili zake za kawaida zinakaa chini akiwa mzima kabisa, haumwi chochote. Ukipima vijana wazima huku kwetu 3.5 au 4 ni kitu cha kila siku. Huyu kijana wetu nilimpima mwenyewe wakati anajaziwa fomu ya afya ya kuingia kidato cha kwanza, nilienda kutafuta kwenye daftari baada ya haya yote kutokea, chembe nyeupe zake zilikuwa 3.8. Kwa hiyo ile 9.6 iliyoonekana iko sawa ilikuwa ni mara mbili na nusu ya damu yake mwenyewe. Mashine haiwezi kujua hilo. Sisi ndo tunatakiwa kujua.

Hii haina maana zile alama ambazo madaktari wanajumlisha kukisia kama ni kidole tumbo hazifai. Zile za Alvarado za mwaka 1986, jumla ni 10, zinaangalia maumivu yamehama au hapana, hamu ya chakula, kutapika, ukibonyeza kulia anaumia, ukiachia anaumia zaidi, joto, alafu chembe nyeupe zinapewa alama 2 nzima. Ukiangalia hapo kijana wetu alinyimwa alama 2 kwa sababu ya damu yenye mipaka ya watu wengine. Wasweden 2008 wakatoa za kwao, jumla 12, wao wakaweka nyutrofili kwa asilimia na wakaongeza CRP, na kuanzia asilimia 70 unapata alama moja, kuanzia 85 mbili. Hiyo naona ina akili zaidi kwetu, mana haitegemei jumla peke yake.

CRP ni nini, ni protini inatengenezwa na ini mwili ukiwaka moto. Inaanza kupanda baada ya masaa kama 6 mpaka 12, inafika kilele karibu masaa 48. Kwa hiyo mgonjwa aliyekuja na maumivu ya masaa manne CRP yake ikiwa chini hiyo haijakwambia kitu, usimrudishe nyumbani kwa ajili yake. Ila akija siku ya pili ikawa juu sana, 100 na kuendelea, huyo usilale. Watu wanasema CRP ni ghali, mashine hamna. Jamani ipo ile ya matone, unaweka tone la majimaji ya damu kwenye kibao, unaweka tone la dawa, unazungusha dakika mbili, ikigandana ipo kuanzia kama 6, alafu ukizimua mara mbili mbili unapata makadirio ya 12, 24, 48 na kuendelea. Tunaijua wote, tulifundishwa chuoni. Na umeme ukikatika au kemikali za mashine zikiisha, ambayo ni hadithi ya kila mwezi, bado kuna darubini, unatandaza damu kwenye kioo unapaka rangi unahesabu chembe 100 kwa macho, nyutrofili ngapi limfosaiti ngapi. Dakika kumi na tano. Hata zile mashine ndogo za vituo vya afya zinazotoa makundi matatu tu, zinaandika GRAN (humo nyutrofili ndo nyingi), MID na LYM (limfosaiti), ukichukua GRAN ukagawa kwa LYM unapata makadirio yanayosaidia.

Viko na vingine ambavyo hospitali ya wilaya inaweza kuvipima. Bilirubini, ile rangi ya njano ya nyongo, ikipanda kwenye damu kwa mtu ambaye hana shida ya ini, inatia wasiwasi kwamba kidole kimetoboka, mana sumu za bakteria wa utumbo zinasafiri na mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini zinavuruga utokaji wa nyongo. Sodiamu, chumvi ya kwenye damu, ikishuka chini ya 135 nayo imeonekana inaambatana na kidole kilichoharibika, kwa watoto na kwa wakubwa. Hivyo vikikaa pamoja na uwiano mkubwa na CRP kubwa na mgonjwa mwenyewe anaonekana vibaya, mimi sidhani kama kuna cha kusubiri.

Naandika haya nikijua hatari yake pia. Kuna mtu atasoma hapa akadhani nimesema damu inatosha. Haitoshi. Uwiano wa 12 unaweza kuwa wa nimonia, wa jipu la jino, wa mtu aliyeanguka akavunjika mguu, na CRP inapanda vizuri tu kwenye malaria. Mama mjamzito chembe nyeupe zake zinapanda zenyewe na nyutrofili zinapanda, 14 au 15 kwake inaweza kuwa kawaida. Mtoto chini ya miaka minne mitano limfosaiti ndo nyingi kwa asili yake, hiyo hesabu ya 8.8 kwake inapotosha, na hao wadogo ndo kidole chao kinatoboka haraka kabla mtu hajagundua kwa sababu hawasemi. Wazee, watu wenye VVU wenye kinga ya chini, wanaotumia vidonge vya prednisoloni, namba zao zinakaa tofauti. Mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa anayeumwa tumbo chini apimwe mimba kwanza, mimba iliyotunga nje inaua kwa masaa na FBP haitakwambia hilo. Na mtu aliyeshakunywa antibayotiki za duka la dawa siku tatu, damu yake imeshatulizwa kidogo, huyo ndo ananitisha kuliko wote.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na inaenda upande mmoja. Namba mbaya imharakishe mgonjwa, namba nzuri isimrudishe mtu nyumbani wakati tumbo linasema lingine. Kama hamna uhakika mshikilieni hapo kituoni masaa 6 mpaka 12 mtoe damu tena kwa mashine ile ile. Uwiano uliotoka 5 ukaenda 9 unaongea zaidi ya FBP moja ya mara moja. Na kwenye karatasi ya rufaa iandikwe hiyo namba na saa iliyotolewa, mana huko rufaa wanaanza upya kila kitu na damu ya Ijumaa inaishia kwenye bahasha ya mama.

Kitu kingine kinachonikera ni hii tabia ya kila tumbo kuwa taifodi au UTI. Widali, kipimo cha taifodi, inapimwa hata kwa mtu ambaye hana homa, ikitoka na namba kidogo tu anaanzishiwa dawa, siku tatu zinapita. Siku tatu kwenye kidole tumbo ni maisha. Na huko nyumbani wapo wanaompiga mtoto bomba au wanampa dawa ya kuendesha ili "tumbo lifunguke". Mama zangu na dada zangu nawaomba, tumbo lililoanzia kwenye kitovu likahamia kulia chini, mtoto hataki kula, akikohoa anashika tumbo, msimpe kitu cha kuendesha, kinaweza kuharakisha kutoboka.

Mi baada ya lile benchi nilirudi kazini nikaanza kitu kidogo. Kila FBP ya mgonjwa aliyeandikiwa maumivu ya tumbo naandika kwa kalamu nyekundu chini kabisa, uwiano ni kadhaa, kama umevuka 5 napiga simu wodini siandiki tu. Mwanzoni sista mmoja aliniuliza hii hesabu ya nini, nikamweleza, sasa yeye ndo ananiuliza kabla sijaandika. Alafu nina daftari, safu ya kwanza uwiano, ya pili CRP kama ipo, ya tatu kile ambacho daktari amekikuta alivyofungua. Kurasa bado chache, haliwezi kuitwa utafiti. Ila hospitali kubwa za Muhimbili, KCMC na Bugando wanapasua watu hawa kila siku na FBP zao zimo kwenye mafaili, wangeweza kukaa wakatupa mpaka wa kwetu, wa damu za watu wetu, mana hiyo 8.8 imetoka kwa watu wa huko na kama nyutrofili zetu zinaanzia chini basi inawezekana kabisa mpaka wetu uko chini zaidi, na kila mwenye 7 tunayemwona ana nafuu tunakosea.

Naomba Mhariri, ule ukurasa wenu wa afya mpeni nafasi daktari wa upasuaji anijibu hapa hapa gazetini. Hospitali isiyo na siti skani, mgonjwa ana miaka 15, maumivu ya masaa 20, chembe nyeupe 9, nyutrofili 80 limfosaiti 11, ambulensi iko moja, ni saa nne usiku. Inatoka au haitoki? Mimi nasema itoke. Nataka nisikie na yeye anasema nini, mana hao wagonjwa wapo na wiki hii tu nimempata mmoja.

Kijana wetu amerudi shule, mitihani ya nusu muhula imempita na kovu limeanzia juu ya kitovu limeshuka mpaka chini. Ile karatasi ya Ijumaa bado ninayo.

Msomaji wenu,
Mtaalamu wa maabara, Kanda ya Ziwa